Kikombe Namba Saba

Imelda mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi vitatu, umegombana na zipu ya begi, na sasa hivi umekwenda kuaga kwa shangazi yako kule juu mlimani. Najua atakushikilia mpaka jua lishuke. Huo ndio muda nilio nao. Nimekaa kwenye meza ya sebuleni, mlango nimeutia komeo, na yule kuku wako mwenye kiherehere anaugonga huko nje kana kwamba ametumwa kunipeleleza.

Maagizo sina. Mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha wewe ndiye utakayewafundisha watu, maana wewe ndiye muuguzi. Mambo ya kusali na kuchagua marafiki shangazi yako anakumiminia hivi sasa, na ataongeza ya kwake. Mimi nina jambo moja tu. Ni baya, na nimelikalia miaka kumi na saba. Nimelileta kwa kalamu kwa sababu najijua: ningekuambia kwa mdomo, sentensi ya pili ningekuwa nimeshaanza kujitetea.

Jumapili iliyopita majirani walikuja kukupongeza kwa kupata kazi. Mtu akauliza umepangiwa wapi, ukasema zahanati ya ziwani, upande wa Lituhi. Kisha ukacheka ukasema mbele ya wote, "Shida ni moja tu, watu wa ziwani hawana karakta. Sijui nitaishi nao vipi." Nyumba nzima ikacheka na kunigeukia mimi, kwa sababu hapa Maguu hakuna asiyejua neno hilo ni la nani. Mimi nikainuka nikatoka nje, nikasema naenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi tangu mwaka juzi. Ukanifuata ukaniuliza kama tumbo linaniuma, nikakujibu ndiyo.

Tumbo halikuwa linauma, mwanangu. Nilikuwa nimesikia mdomo wangu ukisema kwa sauti yako, na nilichukia nilichosikia.

Neno hilo nililipata kwa mgeni. Ulikuwa mdogo, kikundi chetu ndiyo kwanza kimefunga mashine ya kumenya kahawa kule mtoni, akaja mnunuzi kutoka nje na vijiko vyake. Akapanga vikombe kwenye meza ya ghalani akatufundisha kuonja: unachota kijiko, unavuta kwa kelele mpaka kahawa inapiga kwenye kaakaa, kisha unatema. Sisi tuliochapwa utotoni kwa kufyonza uji kwa kelele tukaambiwa tufyonze. Wenzangu walipaliwa. Mimi nikaweza mara ya kwanza, na nadhani hapo ndipo nilipoharibika.

Mgeni alifyonza, akafumba macho, akasema maneno ya Kiingereza. Mkalimani, kijana wa mjini, akasema, "Anasema kahawa hii ina karakta." Mzee mmoja akauliza karakta ndiyo nini. Kijana akajikuna kichwa. "Ni ile inayoitofautisha na nyingine," akasema, akaishia hapo. Mgeni yeye hakuishia hapo. Alieleza kikombe kimojakimoja: hiki nasikia ndimu, hiki asali, hiki ndizi iliyoanikwa, hiki gunia bovu. Alisema neno, kisha akaonyesha alichokiona. Mimi nilibeba neno, maelezo nikayaacha mezani.

Wakanichagua kuwa mwonjaji wa kikundi. Nikapewa koti jeupe na kijiko changu mwenyewe. Kabla ya mwezi kuisha watu wakaanza kuniita Karakta, na mimi nikaitika.

Nilianza na kahawa, kisha nikavuka mpaka. Mbuzi wa jirani nikimtazama nikasema hana karakta, mwenye mbuzi ananywea. Kwaya ya kigango ikimaliza wimbo, macho yanakuja kwangu: vipi, Karakta? Nikikunja uso, mwalimu wa kwaya anakosa raha wiki nzima. Nilipima mahubiri ya katekista, ugali wa harusini, hata barabara ya kwenda Mbinga. Siku moja nikiwa kwenye togwa nilisema ukoo fulani wa Kitura hauna karakta, na posa ya kijana wa ukoo huo ikakataliwa hapa kijijini kwa mdomo wangu. Kijana mwenyewe sikuwahi kuzungumza naye. Hata sura yake siikumbuki.

Wewe ulikuwa na miaka mitano uliponiuliza, "Baba, karakta inakaa wapi? Puani?" Nikakuambia ukikua utaiona. Ulikuwa umeniuliza swali zuri kuliko wote waliokuwa wakinichekea.

Sasa nakuja kwa mama yako. Nimezunguka vya kutosha.

Mama yako Rhoda nilimtoa ziwani. Nilikuwa nimeshuka na mahindi kubadilisha na samaki, nikarudi na samaki na mchumba. Ukoo ulinung'unika: Mnyasa, tena Mwanglikana, kilimo cha milimani atakijua wapi. Nikampa shamba ambalo hakuna aliyelitaka, ule mteremko nyuma ya nyumba wenye mibuni aliyoipanda babu yangu. Hakulalamika. Alijifunza kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kilimo cha mteremko, kama wanawake wa hapa, tena yake yamenyooka kuliko ya dada zangu, nao wakasema ameyanyoosha kwa majivuno. Kahawa aliichuma taratibu mno, punje nyekundu tupu, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Kilichowachekesha watu zaidi ni kichanja chake. Sisi wote wakati ule tulianika kwenye turubai chini, kahawa ikitoka jasho tunasema ndiyo kawaida yake. Yeye aliletewa na mjomba wako Elieza wavu mkuukuu wa kijani, uliostaafu kuvua. Akaufua mtoni, akautundika kwenye ua masika nzima unyeshewe, kisha akaukunja mara mbili akaukaza juu ya nguzo. Alisema kwao usipa, wale dagaa wa ziwani, huanikwa juu ili upepo upite na chini, na haoni kwa nini kahawa inyimwe upepo. Mimi nilimwambia anatuletea uvuvi mlimani. Alicheka. Mama yako alikuwa na kicheko cha haraka, kinachoisha kabla hujajua kimeanza. Wewe unacho, ila sijawahi kukuambia umekitoa wapi.

Mwaka huo mgeni alirudi kuchagua kahawa za mzigo wa pekee, zile ambazo hazichanganywi na rundo la wote. Kila mwenye shamba alileta sampuli. Vikombe havikuwa na majina, vilikuwa na namba, na sheria ilikuwa moja: hakuna kusema lolote mpaka kila mwonjaji ameandika na karatasi zimekusanywa. Pembeni ya kila kikombe kulikuwa na kisahani chenye kahawa mbichi ya namba hiyo. Kwenye kisahani cha saba nikaona uzi wa kijani wenye fundo, mdogo kama punje ya mchele.

Nikajua ni ya nani. Nikaonja.

Imelda, ilikuwa nzuri. Ilianza na ukali mdogo wa ndimu, ikatulia, ikaacha utamu wa ndizi iliyoanikwa mpaka kwenye koo. Ndiyo siku pekee niliyosikia mdomoni mwangu vitu ambavyo mgeni alikuwa akivisema. Namba tatu, kahawa yangu mimi niliyoifunga kwa mikono yangu, ilikuwa na ladha ya turubai.

Nilimwonea wivu mama yako. Nimefikiri asubuhi nzima namna ya kuliandika jambo hili kwa heshima kidogo, nimeshindwa, basi lichukue hivyo. Wiki ile watu walishaanza kunitania kwamba Mnyasa atanipita, na mimi nilicheka nao huku roho inaniuma. Nilikuwa mwonjaji mwenye koti jeupe, na mwanamke niliyempa mteremko wa kutupwa alikuwa amenishinda kwa wavu wa samaki.

Nikaweka kijiko chini. Karatasi zilikuwa bado hazijakusanywa. Nikasema kwa sauti, "Namba saba haina karakta. Inanuka samaki."

Ghala lilicheka. Niliona wenzangu wawili wakifuta walichoandika. Mgeni alinitazama, akamuuliza mkalimani, akaonja tena namba saba, akatikisa kichwa kunikatalia. Lakini wakubwa wa kikundi walisema wamemsikia mwonjaji wao, na kikombe kikaondolewa mezani.

Mama yako alikuwa mlangoni na wanawake wenzake, wamebeba maji ya moto. Akaweka birika chini. Akasema, "Baba Imelda, wavu ule niliufua mara sita."

Basi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kumbe ni ya kwake!" na kicheko kikarudi maradufu. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema nimekosea. Nafasi hiyo haikuwa fupi, mwanangu, usije ukanitetea kwa hilo. Ningeweza kuchota maji nikanywa na bado ingekuwepo. Badala yake nikainua mikono nikasema, "Mnaona? Simpendelei hata mke wangu." Wakanipigia makofi. Ule uzi wa kijani niliuokota wakati wanapiga makofi, nikautia mfukoni mwa koti.

Asubuhi yake niliamshwa na shoka. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akikata mibuni yote ya mteremko ule, mstari kwa mstari, akiacha visiki vya urefu wa goti. Sikumzuia wala sikumwita. Alipomaliza alioga, akavaa kitenge chake cha safari, akakubeba mgongoni, akaelekea barabarani kusubiri gari. Ndipo mimi na baba zako wadogo tukamfuata. Tukasema mtoto ni wa ukoo. Alisimama pale mpaka dereva wa Fuso akapiga honi mara tatu. Wewe ulikuwa umeshika sikio lake, kama ulivyozoea kila ukisinzia. Siku zote nimekuacha uamini kwamba alikuacha. Vidole vyako nilivifungua mimi.

Ulipoingia darasa la kwanza alikuja shuleni. Mara ya kwanza mlikaa pamoja chini ya ukuta wa jikoni la shule, akakulisha samaki mbasa wa kukaushwa. Ulirudi nyumbani unanukia samaki na una furaha. Ukaniuliza mama harudi lini. Nikakuambia harudi, aliondoka kwa sababu hana karakta. Nililisema kwa mtoto wa miaka saba kama ninavyolisema kwa wanywaji wa togwa.

Mara ya pili nilihadithiwa na mwalimu wako. Alisema ulimfuata mama yako pale uani ukiwa na wenzako, ukampa shikamoo vizuri kabisa, kisha ukasema, "Baba amesema huna karakta." Nikamuuliza mwalimu, naye akasema nini? Mwalimu akasema, "Aliitikia marahaba, akaweka kifurushi chini, akaondoka." Hakuja tena. Mimi nilimwambia mwalimu yule kwamba mtoto wangu ana akili. Nilikuwa nafurahi, Imelda. Nataka ujue hata hilo.

Sijui kama unakumbuka. Kama hukumbuki, nimekuumiza upya leo, na sina pa kulikwepa. Kama unakumbuka, na umekuwa ukilibeba peke yako bila kuniambia, basi litue. Ulikuwa na miaka saba. Lilikuwa langu, nikakutwika wewe ulifikishe.

Bado kuna baya jingine. Visiki vile havikufa. Mvua za mwaka uliofuata vikatoa machipukizi, na bwana shamba alipopita akanipongeza: mibuni mizee hukatwa hivyohivyo ili irudi ujanani, akauliza nani amenifundisha. Nikasema nimejaribu tu. Mwaka wa tatu ikazaa. Nikachuma punje nyekundu tupu, kama nilivyokuwa nimemwona akifanya. Na kichanja chake kilikuwa bado kimesimama, wavu uko juu ya nguzo, haukuwa umeoza. Nikaanika humo humo. Nikapeleka sampuli kwa jina langu.

Ikaingia kwenye mzigo wa pekee mwaka huo, na karibu kila mwaka tangu hapo. Kile cheti chenye fremu, unachokifuta vumbi kila Jumamosi tangu ukiwa unapanda kiti ili ukifikie, ni cha kahawa ya mama yako. Hata chuo cha uuguzi umesomeshwa na mteremko ule. Wageni wakiniuliza siri ni nini, nimekuwa nikiwajibu kwa neno langu lile, wanaandika kwenye daftari, wanaondoka wameridhika. Siku hizi kila mtu hapa anaanika juu ya kichanja. Wanasema ni mtindo wa Karakta.

Nikuambie na la leo, usije ukadhani nimegeuka mtakatifu. Asubuhi, ulipokuwa unagombana na zipu, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa Karakta, hayo ya nini tena? Utatuharibia jina la mzigo." Akanipa chai. Nimekunywa chai yake nikarudi. Nilijua siku nikisema ukweli nitaona aibu. Sikujua kwamba hakuna atakayeutaka.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe unautaka, hata kama utanichukia nao. Ukirudi kutoka kwa shangazi utakuta ukutani pana mraba mweupe, rangi ya zamani iliyokuwa imefichwa na fremu. Natumaini hutaniuliza mbele ya watu. Juu ya bahasha nimeandika uisome barua hii ukiwa garini, milima ikianza kuteremka, mahali ambapo huwezi kurudi kunifokea na mimi siwezi kukulilia.

Kule zahanati watakupa kalamu, na watu watakaa mbele yako wakikusubiri uwaandike. Watakuwepo wenzako watakaokuambia mama huyu mkaidi, familia ile ndivyo walivyo, wa kijiji kile usijisumbue nao. Mimi nimeishi kwa maneno ya namna hiyo, yana raha yake, yanakuokolea kazi ya kutazama. Ukiyasikia, rudi kwa yule mgonjwa uangalie ulimi wake, macho yake, miguu yake kama imevimba, halafu andika ulichokiona. Nakuomba hilo kama mtu aliyewahi kuonja kitu kizuri akasema hakipo.

Mjomba wako Elieza nilikutana naye Mbinga sokoni mwezi uliopita, anauza usipa. Nilitaka kupita kama sijamwona, akaniita shemeji, nikasimama. Anasema dada yake bado yuko pale pale kwao, mwendo wa miguu kutoka zahanati utakayofanyia kazi. Anaanika usipa juu ya vichanja, na wanunuzi wanaoujua wanausubiri wa kwake. Anasema pia kwamba tangu aliposikia unasomea uuguzi, kila anapokuja muuguzi mpya pale zahanati, mama yako huuliza jina. Huuliza tu, kisha anaendelea na kazi. Elieza aliniandikia namba ya simu ya mama yako. Nimekuwa nayo mwezi mzima, nimeipiga mara mbili na kukata kabla haijaita. Iko nyuma ya bahasha hii.

Ndani ya begi lako, chini ya sare, nimeweka kifurushi cha kitambaa. Ni kahawa ya mteremko, nimeikaanga mwenyewe jana. Juu nimeandika jina la mwenyewe, Rhoda, na ndiyo mara ya kwanza kahawa ile kubeba jina hilo. Ndani ya bahasha kuna ule uzi wa kijani wenye fundo. Koti jeupe lilishachakaa likawa tambara, lakini uzi nilikuwa nikiuhamisha kutoka mfuko hadi mfuko, sijui nilikuwa nausubirisha nini. Mpe vyote viwili. Mwambie namba saba ilikuwa nzuri kuliko zote zilizokuwa mezani, na kwamba mimi nilijua.

Usiniombee msamaha. Usimwambie nimezeeka, wala kwamba nakohoa usiku, wala kwamba nimeshusha cheti. Hayo ni yangu, na yeye nilishamchosha vya kutosha. Akitaka kukuonyesha hasira yake, ikae kwako kidogo, hapana pengine pa kuiweka. Akitaka ukae naye siku zote za mapumziko, kaa, mimi nitakula viazi na huyu kuku.

Nasikia sauti yako huko juu, unawaaga majirani njiani. Namaliza.

Utakapofika kwake, pengine utamkuta ameinama kichanjani, mgongo umekugeukia. Utatafuta maneno mengi ya kumwambia, na yote yatakuwa bado hayajaiva. Yaache. Mpe shikamoo, ile ile uliyompa pale uani shuleni. Akikuitikia marahaba, safari hii usiongeze neno.

Baba yako